Nimemfundisha "there" na "their" mpaka kasahau hata alichokuwa anakijua

Mwalimu shikamoo.

Naomba unisaidie maana nimefika mahali najiona mi ndo tatizo. Nina binti wa miaka 7, yuko darasa la pili, mchangamfu anaongea kama redio, Kiswahili anasoma vizuri tu hata gazeti la babake anasoma vichwa vya habari. Ishu ni Kiingereza. Kuongea anajaribu, kusoma anajaribu, ila kuandika ndo balaa. Mwanzoni mwa muhula ticha wake aliandika kwenye daftari kwamba mtoto anachanganya maneno na haweki alama za uandishi, nimsaidie nyumbani. Basi mi nikajipanga. Nikaingia mtandaoni nikapata chati ina jozi 40 za maneno yanayochanganya, their na there na they're, to na too na two, your na you're, its na it's, hear na here, than na then, quite na quiet, lose na loose, yaani yote yamo, nikaiprinti kubwa nikabandika ukutani mbele ya meza yake. Kila jioni tunasimama pale dakika 40, mimi nataja yeye anaspeli, akikosea tunarudia.

Mwalimu, kufika wiki ya tatu mtoto kaharibika kabisa. Zamani alikuwa anaandika "there" kila mahali, sawa ilikuwa kosa, lakini angalau mara moja moja anapatia. Sasa hivi anabahatisha, anaandika huku ananiangalia usoni kama naye anasubiri kuona nitakunja uso au vipi. Na "here", ambayo aliijua tangu chekechea, siku hizi anaandika "hear". Yaani nimemfundisha mpaka amesahau. Juzi kaandika kihadithi, nakuwekea kama kilivyo:

"yesterday i go too there house and there cat was siting on it's bed i sayed your a good cat"

Babake ndo alikuwa karibu, akachukua kalamu nyekundu akasahihisha kila kitu, halafu akahesabu kwa sauti: maneno 20, alama nyekundu 14. Mtoto hakulia, bora angelia ningejua la kufanya. Kafunga daftari kasema "Mama, Kiingereza hakinipendi." Tangu hapo ukimwambia aandike sentensi anaandika "I like cats" anakurudishia daftari. Ameshagundua kwamba ukiandika kidogo unakosea kidogo.

Babake anasema ni uzembe, lugha haijifunzwi kwa kubembelezana. Mi nasema labda nimeanza vibaya. Na nikuambie siri, mi mwenyewe it's na its huwa nabahatisha, kazini nikiandika imeili naikwepa kabisa, nageuza sentensi mpaka hilo neno lisihitajike. Sasa namfundishaje mtoto kitu ambacho nakikimbia?

Naomba kujua nianze na maneno gani, ile koma ya juu nimfundishe sasa au nisubiri, na je inawezekana mtoto ana shida ya kusoma nimpeleke kwa wataalamu?

Mama Mwenye Chati

---

Marahaba mwanangu.

Hiyo sentensi ya binti yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimetabasamu, nitakuambia kwa nini mbele kidogo. Kwanza tumalizane na chati, maana chati ndo mchawi wako.

Chukulia umehamia mtaa mpya, siku ya kwanza tu unatambulishwa mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, wamevaa sare, huyu fulani na huyu fulani. Kesho yake unakutana na mmoja njiani, utamwita nani? Utabahatisha. Na kila unavyobahatisha jina la huyu linazidi kuganda kwenye sura ya yule. Sasa chukulia ungekaa na mmoja peke yake miezi miwili, ukamzoea anavyocheka, anavyotembea, halafu ndo mwenzie anarudi kutoka safari. Huyo wa pili ukimwona hata kwa mbali unasema huyu siye. Maneno ni hivyo hivyo. Wanaochunguza watu wanavyojifunza msamiati wa lugha ya pili wameliona hili muda mrefu, kwamba maneno mapya yanayokaribiana ukiyaleta kwa pamoja yanaingiliana, na mwanafunzi anachukua muda mrefu zaidi kuliko angepewa moja moja. Wewe umemletea mapacha jozi 40 jioni moja, na jioni iliyofuata ukamletea walewale tena, dakika 40 wima. Mimi na miaka yangu yote ya chaki ningelia kabla yake. Alichokariri pale ukutani si tofauti ya "here" na "hear", amekariri kwamba hayo mawili yanachanganya. Na hicho amekishika vizuri kweli.

Kwa hiyo anza na neno moja. Na mi nisingeanza kabisa na wazo la "haya matatu yanasumbua", hilo usimwambie. Ningempa "there" peke yake, na ningempa kupitia mlango wa mahali. Here, there, where. Yaandike moja chini ya jingine akuonyeshe mwenyewe kwamba "here" imelala tumboni mwa yote. Here ni hapa, there ni pale, where ni wapi, ukoo mmoja wa mahali. Halafu mpe ile "there is", ambayo sisi tuna bahati nayo kwa sababu Kiswahili kinayo kitu kama hicho: there is a cat, pana paka. Hiyo pa ya pana ndo pa ya pale na pa ya hapa, mtoto anayeongea Kiswahili ameshaimeza bila kufundishwa. Wiki mbili tatu mnacheza na hiyo tu. Anaficha kitu unauliza "where is it?", anajibu "there!", anaandika kwenye kikaratasi anabandika pale pale alipoficha. "Their" hujaitaja, akiiandika vibaya kwenye kazi nyingine unapita kama hukuona.

Ikishakaa, yaani anaiandika bila kukuangalia usoni, ndo unaleta "their", na unaileta kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa mali. My, your, his, her, our, their. Kitabu changu, chako, chao. Their cat, paka wao. Hapo unaijumuisha na ndugu zake wa umiliki wala huitaji kwamba inafanana na nani. Kama ni mtoto wa maswali akikuuliza kwa nini Waingereza wanaandika hivyo, mwambie ukweli, kwamba "there" ni neno lao la tangu zamani, ila "their" waliichukua kwa watu wa Skandinavia waliokuja na mashua zao wakavamia wakaishia kuhamia huko huko, kwa hiyo ni maneno ya nyumba mbili tofauti yaliyokuja kufanana sauti tu. Watoto wanapenda sana kusikia kwamba neno lilikuja na mashua.

Na "they're"? Hiyo si neno la kukariri hata kidogo, inaingia kwa mlango wa tatu, wa kukunja karatasi, nakuja huko.

Two ni rahisi, hiyo w usiikemee. Zamani ilikuwa inatamkwa kweli, imebaki kwenye maandishi kama alama ya kiatu kwenye saruji, na ndugu zake bado wanaitamka: twice, twelve, twenty, twin. Akijua twin ni pacha na mapacha wako wawili, two hataikosea tena. Too mwambie hiyo o imezidi, na maana yake ni hiyo hiyo, kitu kimezidi, too big, too hot, au na mimi nimo pia. To inayobaki ni ile ya kawaida, usiifundishe, itabaki yenyewe.

Sasa kuna kitu ambacho hiyo chati yako haikukionyesha, maana inaelekea ilitengenezwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa na Kiingereza. Hao their na there zinawachanganya kama wetu tu, kwa sababu sikio halisaidii, sauti ni moja, dawa yake ni jicho. Ila watoto wetu wana machanganyo mengine mawili ambayo hao hawana, na usipoyajua utampa dawa ya macho mtu anayeumwa sikio.

La kwanza ni irabu. Sisi tuna a e i o u basi, kila moja na sauti yake, haitembei. Kiingereza kina irabu nyingi kuliko hizo tano, kwa hiyo sikio la mtoto linazibana zote ziingie kwenye vyumba vyetu vitano. Ndo unakuta live na leave ni kitu kimoja, ship na sheep, bad na bed, na hat, hut, heart zote zinalala kitanda kimoja. Akiandika "I leave in a big house" usimpe somo la maana ya kuondoka, hajachanganya maana, hajasikia. Hapo ni mdomo: sheep na leave unavuta na kutabasamu, ship na live fupi, mdomo umelegea. Unasema moja yeye anagusa picha, kondoo au meli. Dakika tatu zinatosha, msiwe mnachoka.

La pili ndo linanifurahisha zaidi, ni pale neno letu moja linapopasuka kwao kuwa mawili. Kuazima. Sisi naazima kwako na nakuazima ni kitenzi kile kile, sikio linajua nani anampa nani kwa hayo mengine yanayozunguka. Kwa hiyo mtoto anakwambia "borrow me your pencil" na ana haki kabisa. Hiyo hairekebishwi kwa maelezo. Kaeni sakafuni na penseli moja katikati. Penseli ikija kwangu, mimi nasema borrow. Ikitoka kwangu, nasema lend. "Can I borrow it?" mkono unavuta. "I can lend it to you," mkono unasukuma. Badilishaneni, wewe uwe mkopaji mgumu unarudisha kwa nongwa, acheke. Mara kumi ya penseli kwenda na kurudi inashinda maelezo ya ubao mzima. Kusikia nayo ni hivyo hivyo, sisi tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu, mtoto anakuja na "I hear cold" halafu watu wazima wanacheka. Wasicheke, katafsiri kwa usahihi kabisa. Yeye ikawa he na she, mkono ukawa hand na arm, mguu ukawa leg na foot. Haya yote yanaenda na hadithi na viungo vya mwili, si na ukuta.

Turudi kwa yule paka.

Niambie, katika hayo maneno 20, babake aliona kwamba "yesterday" imeandikwa sawasawa? Neno refu, gumu, herufi zote ziko mahali pake. Aliona "was" na "house"? Hizo hazisomeki kama zinavyosikika, kwa hiyo mtoto huyu ana jicho. Halafu hiyo "sayed" ndo niliyotabasamia. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha "sayed", hajaiona kokote, kaitengeneza mwenyewe. Amegundua kwamba ukitaka jambo la jana unabandika ed, play played, walk walked, basi say sayed. Kuna akili pale, hilo ni kosa la mtu anayefikiri, na watoto wa Waingereza wenyewe wanapita hapo hapo. Unamwambia tu "hiyo ni korofi, ni said", mnaendelea. "Siting" vilevile, sauti zote kazipata, imebaki t moja tu. Na "there cat" mara ya pili ni ile ile ya mara ya kwanza, kwa hiyo kama tunahesabu kwa haki hiyo ni moja si mbili.

Mi ningepewa daftari hilo ningechagua vitu viwili. Viwili tu. Ya kwanza nukta, kwamba kuna sentensi mbili pale na hazina mpaka. Ya pili hiyo "i" kujisimamia, ambayo kwa Kiingereza lazima iwe kubwa popote ilipo, jambo geni kwetu kwa sababu "mimi" yetu haijivuni hivyo. Hayo mengine ningeyaacha yalale. Najua inauma kuacha kosa likikutazama, lakini mtoto wa miaka 7 anabeba mawili, ukimpa 14 anabeba sifuri na hamu ya kuandika inaenda nayo, kama ulivyoona.

Haya alama za uandishi. Hizi watu wanazifundisha kama sheria za barabarani, ukikosa unapigwa faini, wakati zilianza kama huruma kwa msomaji. Zamani Wagiriki waliandika maneno yameshikana yote bila hata nafasi, ukisoma kwa sauti unahangaika, mpaka karibu miaka 200 kabla ya Kristo mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, Aristophanes wa Byzantium, akabuni vinukta, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, kumwonyesha msomaji apumzike kiasi gani. Yaani zilikuwa alama za mdomo. Mrudishe mtoto kwenye mdomo.

Anza kwa Kiswahili, nakuomba, usianze kwa Kiingereza. Mwambie akusimulie kitu cha jana, wewe unaandika kama anavyosema, bila nukta hata moja, halafu mrudishie kwa kumsomea kwa pumzi moja mpaka ukohoe. Atacheka, atakwambia mama pumzika. Mpe penseli aweke yeye mahali pa kupumzikia. Kesho mfanye hivyo hivyo na sentensi tatu za Kiingereza. Ila usiishie kwenye pumzi, maana pumzi inadanganya, mwingine ana mapafu ya kuogelea. Mpe na swali: nani, kafanya nini? Ukishajua nani na kafanya nini, na anakuja nani mwingine na jambo lake, hapo katikati pana nukta. There cat was siting on it's bed, paka kakaa. I sayed, mimi nikasema. Mtu mpya jambo jipya, weka nukta, herufi kubwa inafuata. Na asishangae akisikia katuni za Marekani zinasema "period" wakati shuleni wanasema "full stop", ni nukta ile ile.

Alama ya kuuliza Kiswahili kinaifundisha kuliko Kiingereza chenyewe. Umekula. Umekula? Herufi zile zile, hakuna kilichohama, ni sauti tu imepanda mwishoni, kwa hiyo bila ile alama msomaji hajui kama anaulizwa au anaambiwa. Mwandikie hivyo, asome yote mawili. Akiona nguvu ya ile alama kwa lugha yake ataiheshimu hata huko ambako "are you" tayari imeshaashiria swali.

Alama za usemi ni mapema, ila kama anapenda utani mpe hii moja tu ya kuchokoza:

Baba kasema, "Mama hajui."

"Baba," kasema mama, "hajui."

Maneno manne yale yale, mpangilio ule ule, ila asiyejua amebadilika. Na kwa Kiingereza inakubali pia, Dad said Mum is late, na "Dad," said Mum, "is late." Babake amsomee yeye hiyo, kwa sauti, zote mbili. Itasaidia na mambo mengine humo ndani.

Koma nyingine mwache nazo. Aweke kwenye orodha, red, blue and green, yatosha kwa darasa la pili.

Sasa koma ya juu, apostrofi, wengine tunaita ritifaa. Umeuliza asubiri au aanze. Mwanangu, ameshaanza siku nyingi! Hajaandika ng'ombe? Kila mtoto wetu anaijua hiyo alama, anajua ukiiondoa ng'oa inakuwa kitu kingine kinywani. Kitu cha kumwambia ni kwamba kwetu inafanya kazi ya sauti, kwao inafanya kazi ya kaburi: hapa palikuwa na herufi, imeondoka, tumeweka alama.

Na hapa ndo kuna kukunja. Kata ukanda wa karatasi, upana wa vidole viwili, mrefu kidogo. Andika IT IS kwa herufi kubwa, achanisha. Sasa kunja karatasi ili ile I ya pili pamoja na nafasi iliyo kabla yake viingie ndani visionekane, T na S zikutane. Mpe penseli achore kimkato juu ya mkunjo. IT'S. Akikunjua, it is imerudi, akikunja, it's. Mwache akunje akunjue mpaka karatasi ilegee. Nyingine YOU ARE, unakunja A. THEY ARE, unakunja A, na hapo they're imeingia ndani ya nyumba bila kugombana na there wala their, ni karatasi iliyokunjwa tu. DO NOT, unakunja O ya pili. WILL NOT itamshinda, mwambie ni korofi, zamani watu wengine walikuwa wanasema "woll not", ndo ikabaki won't.

Ukanda huo huo ndo dawa yako wewe na imeili zako. Ukitaka kuandika it's, kunjua. The cat is on it is bed. Inaleta maana? Haileti, kwa hiyo hakuna kilichokunjwa, kwa hiyo hakuna alama, its. It is raining, inaleta, basi it's. Hakuna kingine cha kujua pale. Na kama kuna sauti inakwambia "lakini mali inachukua apostrofi, the cat's bed", tazama his. Hiyo ni ya mali na haina alama. Hers, ours, theirs, hazina. Its ni mdogo wao wa mwisho, naye hana. Na usijione mjinga, miaka ya 1600 na 1700 Waingereza wasomi kabisa walikuwa wanaandika it's kwa maana ya mali na hakuna aliyewafungia daftari.

Hiyo ya mali, the cat's bed, msubirishe. Iache mwaka ujao ikibidi. Nimeona nini kinatokea ukiharakisha, mtoto anadhani kila s ikija mwishoni inakuja na kofia yake, unaanza kupata "three dog's" na "he run's", na kuivua hiyo kofia ni kazi kuliko kuivisha. Akishazoea kukunja vizuri, ndo umwambie kwamba hata hiyo zamani ilikuwa na herufi, mwisho wa mali kwa Kiingereza cha kale ulikuwa es, e ikadondoka. Kaburi lile lile.

Kuhusu wataalamu. Umeniambia mwenyewe Kiswahili anasoma mpaka magazeti, na hiyo kwangu ni habari kubwa, maana Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, hakina pa kumfichia mtoto. Mwenye shida ya kuunganisha sauti na herufi mara nyingi utamwona huko huko pia, anasoma kwa kusitasita mno, anaruka silabi, anachoka mapema. Ukianza kuona hivyo kwenye Kiswahili, ongea na ticha wake na umpeleke akapimwe, tena bila aibu. Kwa unayoyaeleza mimi naona mtoto mzima aliyechoshwa.

Babake usigombane naye, anapenda mtoto ajue. Mpe kazi ya kufanya badala ya kalamu nyekundu. Akute kosa asiliguse, pembeni ya mstari aweke kitone kimoja kwa penseli, maana yake hapa kuna kitu, kitafute. Mtoto akikipata, kitone anakifuta yeye mwenyewe. Na vitone viwili kwa siku, avitumie kwa akili. Ile 14 ilikuwa ya siku moja, ana deni la wiki.

Dakika 10 jioni zinatosha, na mkae, msisimame. Siku akiandika sentensi ndefu yenye makosa tisa ujue amerudi, ifurahie kwanza kabla ya kitone.

Chati ibandue leo usiku akiwa amelala. Usiitupe, nyuma ni nyeupe na ni kubwa, kata vipande virefu, vinatosha muhula mzima wa kukunja. Cha kwanza andika IT IS, ukikunje wewe, ukiweke kwenye pochi unayoenda nayo kazini.